Kuunganisha Jenereta na Gridi: Namna ya Kuchagua Viwango vya Rilei ya Ulinganifu



Zamani chombo kilichomshughulisha katibu wa chama kuliko vyote kilikuwa mizani. Mizani ikiwa sahihi, mkulima alilipwa haki yake. Ikiharibika, chama kiliingia katika malalamiko. Siku hizi, pamoja na mizani, vyama kadhaa vina mashine za kukoboa, viwanda vya kuchambua pamba, jenereta za dizeli, na pengine vituo vidogo vya umeme wa maji. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 Tanzania imekuwa na utaratibu unaowawezesha wazalishaji wadogo kuuza umeme kwa TANESCO. Kituo cha maji cha Mwenga huko Mufindi, chenye uwezo wa MW 4, kilianza kazi mwaka 2012 chini ya utaratibu huo. Kiwanda cha sukari cha TPC, Moshi, nacho huzalisha umeme kwa mabaki ya miwa na kuuza ziada.

Mahali popote ambapo jenereta ya chama inaunganishwa na gridi, pana tendo moja fupi, lisilozidi sehemu ya kumi ya sekunde, ambalo laweza kulinda au kuangamiza mali iliyolipiwa kwa makato ya mazao ya miaka mingi. Tendo hilo ni kufunga breka inayokutanisha umeme wa chama na umeme wa gridi. Mlinzi wa tendo hilo ni rilei ya kuhakiki ulinganifu, ile inayoandikwa kwa namba 25 katika michoro ya umeme.

Si kazi ya katibu kuipanga rilei hiyo. Ni kazi ya mhandisi. Lakini katibu ndiye anayetia saini hati ya makabidhiano, na bodi ndiyo inayojibu katika mkutano mkuu. Kwa hiyo yafaa kila mhusika aelewe namba zinazoandikwa katika hati ile zina maana gani, na zimechaguliwaje.

MAMBO MANNE YANAYOLINGANISHWA

Umeme wa gridi na ule wa jenereta ni kama watu wawili wanaotaka kubeba mzigo mmoja kwa mti mmoja. Hawana budi kuwa na kimo kinachokaribiana, kwenda kwa mwendo mmoja, na kuinua mguu kwa wakati mmoja. Kimo ni volteji. Mwendo ni masafa, ambayo kwa nchi za Afrika Mashariki ni hezi 50. Kuinua mguu kwa wakati mmoja ndiko kunakoitwa pembe ya fezi, inayopimwa kwa digrii. Jambo la nne ni mfuatano wa fezi tatu. Hilo huhakikishwa mara moja wakati wa kufunga mitambo, na tena kila nyaya zinapofunguliwa, kwa sababu rilei nyingi hutazama fezi moja au mbili tu, na haziwezi kugundua kwamba fezi ya tatu imepishanishwa.

Rilei hupokea vipimo kutoka pande mbili za breka. Tofauti ya volteji, ya masafa na ya pembe zote zikiwa ndani ya viwango vilivyowekwa, na zikidumu humo kwa muda uliopangwa, rilei hutoa ruhusa. Neno hilo "ruhusa" ni la kuzingatiwa. Rilei haitafuti wakati mzuri wa kufunga. Hiyo ni kazi ya mwendesha mitambo au ya kifaa cha kuunganisha chenyewe. Rilei ni bawabu: humzuia asiyestahili kuingia, lakini haendi njiani kumwongoza mgeni.

HASARA INAYOEPUKWA

Chukulia kituo cha maji chenye jenereta ya kVA 1,000 na volti 400, ambayo umeme wake hupandishwa na transfoma hadi kV 11, na breka ya kuunganishia iko upande wa msongo wa kati. Ukinzani wa ndani wa jenereta wakati wa mshtuko uwe asilimia 15, wa transfoma asilimia 5, na wa gridi, ukipimwa kwa kVA zile zile, asilimia 5. Jumla ni asilimia 25.

Breka ikifungwa pembe ikiwa digrii 10, volteji inayobaki kati ya pande mbili ni kama asilimia 17 ya volteji kamili, na mkondo wa mshtuko hufikia karibu asilimia 70 ya mkondo wa kawaida wa mashine. Mashine itatikisika kidogo, kisha itatulia. Pembe ikiwa digrii 60, mkondo hufika mara 4. Pembe ikiwa digrii 180, yaani pande mbili zikipingana kabisa, mkondo hufika mara 8. Shoti ya fezi zote tatu kwenye ncha za jenereta hiyo hiyo ingeleta mkondo wa mara 6.7 tu. Ni dhahiri basi kwamba kufunga breka wakati mbaya kwaweza kuwa kubaya kuliko shoti yenyewe.

Tena mkondo si msiba pekee. Nguvu inayokunja shafti huwa kubwa kupita kiasi pembe ikiwa karibu na digrii 120. Hapo kaplingi hukatika, bolti za msingi hulegea, na koili za jenereta husogea mahali pake. Mara nyingine hakuna kinachoonekana siku ile. Ufa mdogo hubaki katika shafti, nao huendelea kukua hadi msimu mwingine, na tukio lenyewe limekwisha kusahauliwa.

Tofauti ya volteji peke yake haina ukali huo. Tofauti ya asilimia 5 katika mfano huu huleta mkondo wa asilimia 20 hivi, na mkondo huo hauvunji shafti. Kwa sababu hiyo anayechagua viwango huweka uangalifu wake wa kwanza kwenye pembe, wa pili kwenye tofauti ya masafa, na wa tatu kwenye volteji.

MIPAKA INAYOJULIKANA

Kanuni ya IEEE 1547 ya Marekani, iliyotolewa mwaka 2003 na kuandikwa upya mwaka 2018, huweka mipaka kwa ukubwa wa mtambo unaoungana na gridi ya usambazaji:

(a) Hadi kVA 500: masafa hezi 0.3, volteji asilimia 10, pembe digrii 20.

(b) Zaidi ya kVA 500 hadi 1,500: masafa hezi 0.2, volteji asilimia 5, pembe digrii 15.

(c) Zaidi ya kVA 1,500 hadi 10,000: masafa hezi 0.1, volteji asilimia 3, pembe digrii 10.

Ieleweke kwamba mipaka hiyo iliwekwa kwanza kwa ajili ya kulinda gridi na wateja wengine wasisumbuliwe. Jenereta ina mipaka yake. Kwa mashine kubwa, kanuni za Marekani za ujenzi wa jenereta hutaja digrii 10, hezi 0.067, na volteji ya jenereta isiwe chini ya ile ya gridi wala isiizidi kwa zaidi ya asilimia 5. Mashine ndogo huwa na maelezo ya mtengenezaji wake. Mhandisi huchukua mpaka ulio mkali zaidi kati ya ule wa gridi, ule wa mashine, na ule ulioandikwa katika mkataba wa kuunganisha na shirika la umeme. Kwa kituo cha mfano, kVA 1,000, gridi inaruhusu digrii 15. Lakini si busara kupita digrii 10 kama mtengenezaji wa jenereta hakusema wazi kwamba inafaa.

PEMBE NA MUDA HUCHAGULIWA PAMOJA

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Mtu huandika digrii 10 katika rilei kwa kuwa mpaka ni digrii 10, akadhani kazi imekwisha. Sivyo.

Rilei iliyowekwa digrii 10 huacha mlango wenye upana wa digrii 20, kumi kabla ya kulingana na kumi baada ya hapo. Muda wa kusubiri ukiwekwa nusu sekunde, tofauti yoyote ya masafa inayovuka digrii 20 kwa muda mfupi kuliko nusu sekunde haitapata ruhusa. Hesabu yake ni nyepesi: digrii 20 kwa nusu sekunde ni digrii 40 kwa sekunde moja, mzunguko mzima ni digrii 360, basi kikomo ni hezi 0.11. Kwa njia hii saa ya rilei huwa pia kipimo cha masafa, hata katika rilei za zamani zisizopima masafa zenyewe.

Lakini jenereta ikiwa karibu na kikomo hicho, nusu sekunde hutimia pembe ikiwa imekwisha kupita katikati na kufika ukingo wa pili. Ruhusa hutolewa katika digrii 10 za upande wa mbali. Tena breka nayo haifungi papo hapo. Breka ya msongo wa kati, pamoja na rilei zake za msaada, ikichukua sekunde 0.08, pembe huongezeka digrii 3 na zaidi. Breka itafunga katika digrii 13, nje ya mpaka uliokusudiwa.

Dawa yake ni kuanza na digrii 10 zinazotakiwa wakati breka inapogusana, kisha kurudi nyuma. Rilei ikiwekwa digrii 7 na muda sekunde 0.6, kikomo cha masafa huwa digrii 14 kwa sekunde 0.6, yaani kama hezi 0.065. Katika sekunde 0.08 za breka pembe huongezeka chini ya digrii 2. Jumla ni digrii 9, na mpaka umeheshimiwa. Kwa mwendesha mitambo maana yake ni hii: mshale wa sinkroskopu utumie sekunde 15 au zaidi kuzunguka mara moja, nao uelekee upande wa haraka. Jenereta inayoingia ikiwa na mwendo mdogo wa ziada huchukua mzigo kidogo mara moja. Ile inayoingia ikisuasua huvutwa na gridi, na rilei ya nguvu ya kurudi nyuma yaweza kuitoa papo hapo.

Rilei nyingi za kisasa hupima tofauti ya masafa moja kwa moja, na baadhi huhesabu muda wa breka. Hata hivyo muda huo hupaswa kupimwa katika breka yenyewe, si kunakiliwa kutoka kitabu cha mtengenezaji, kwa kuwa breka yenye grisi iliyoganda huwa nzito kuliko ilivyokuwa mpya.

VIWANGO VIKALI MNO NAVYO VINA HATARI

Mtu aweza kusema: basi kila namba iwe ndogo kabisa, na usalama utakuwa mkubwa. Jambo hilo halina ukweli kamili. Gavana ya kituo kidogo cha maji mara nyingi huyumba. Rilei ikikataa kwa dakika ishirini huku kiwandani mazao yanaharibika, mwendesha mitambo huanza kutafuta njia ya kuipita. Rilei iliyofungiwa waya wa pembeni haina kazi yoyote, hata ikiwa imewekwa digrii 2.

Kwa hiyo viwango viwe vile ambavyo mtambo wenye afya unaweza kuvifikia katika dakika chache. Usipoweza, cha kutengenezwa ni gavana, au kununuliwa kwa kifaa cha kuunganisha chenyewe. Si kupanua mlango. Waya wa kuipita rilei uhesabiwe kuwa kosa la nidhamu sawa na kuchezea mizani.

Kuna jambo jingine la desturi mbaya. Mwendesha mitambo hushika swichi ya kufungia na kuiacha imegeuzwa, akingoja rilei iamue. Hapo bawabu amegeuzwa kuwa kiongozi, na breka hufunga mara tu ruhusa inapotoka, hata kama ni ukingoni mwa mlango. Mchoro wa waya uzuie jambo hilo: swichi ikigeuzwa kabla ya ruhusa, isifanye kazi mpaka iachwe na kugeuzwa upya.

VIPIMO VINAVYODANGANYA

Rilei huamini kile inacholetewa na transfoma za kupimia. Transfoma ya kupimia ya daraja 3P, inayotumika sana kwa ulinzi, huruhusiwa kukosea hadi asilimia 3 ya volteji na digrii 2 za pembe. Mbili zikikosea kinyume, kosa huwa asilimia 6 na digrii 4. Haina maana kuweka asilimia 3 katika rilei inayolishwa na vipimo vya namna hiyo. Daraja 0.5 hukosea asilimia 0.5 na theluthi moja tu ya digrii, na gharama yake ya ziada ni ndogo ukilinganisha na bei ya shafti.

Pili, transfoma ya kupandishia ya aina ya delta na nyota hugeuza pembe kwa digrii 30. Kipimo kimoja kikitoka upande wa volti 400 na kingine upande wa kV 11, hapana budi digrii hizo 30 zirekebishwe, ama kwa kuchagua fezi zinazofaa ama ndani ya rilei. Rekebisho likiwekwa kinyume, rilei itaonyesha sifuri wakati tofauti halisi ni digrii 60, yaani mkondo wa mara 4 katika mfano uliotajwa. Kadhalika tapu ya transfoma ikiwa imehamishwa asilimia 2.5, nusu ya nafasi ya volteji ya asilimia 5 imekwisha kuliwa kabla mtu hajagusa kitu.

Tatu ni fyuzi. Fyuzi ya transfoma ya kupimia ikiungua, rilei huona volti sifuri na kudhani upande ule umekufa. Nyingi zina kipengele cha kuruhusu breka ifungwe upande mmoja ukiwa hauna umeme, kwa kawaida volteji ikiwa chini ya asilimia 20 au 30, na upande wa pili ukiwa na asilimia 80 au zaidi. Kipengele hicho chatakiwa pale kituo kinapowasha kiwanda chake chenyewe baada ya giza. Lakini kisiachwe wazi bila ulinzi wa fyuzi, na kwa breka inayoelekea njia ya shirika la umeme kifungwe kabisa, isipokuwa kwa makubaliano ya maandishi. Njia inayoonekana imekufa yaweza kuwa na fundi juu ya nguzo, na uhai wa mtu hauna tapu ya kurekebishia.

Kwa sababu iyo hiyo, shirika la umeme lihojiwe kama njia ina breka inayojirudisha yenyewe baada ya hitilafu. Rilei ya chama haiwezi kuzuia breka iliyo maili kumi kutoka kituoni. Ama breka ile iwe na uhakiki wake, ama jenereta ya chama itoke kabla breka haijarudi.

BREKA ZISIZO ZA JENERETA

Baadhi ya viwanda hupokea njia mbili za kV 11 zinazotoka katika gridi moja. Hapo hakuna tofauti ya masafa, bali pembe ya kudumu inayotokana na mzigo wa njia. Digrii 20 au 30 huweza kukubaliwa, kwa muda wa sekunde moja au mbili, baada ya kukokotoa mkondo utakaopita. Viwango hivyo ni halali mahali pake. Vikinakiliwa katika breka ya jenereta, kwa kuwa rilei ni ya aina moja na kabati ni moja, huwa mtego. Ndivyo ilivyo pia kwa namba zinazokuja na rilei kutoka kwa mtengenezaji: hizo ni za kujaza nafasi tu, wala hazikuchaguliwa kwa ajili ya mtambo wowote.

YAPASAYO KUDAIWA KABLA YA SAINI

Katibu asitie saini hati ya makabidhiano mpaka mambo haya yameandikwa:

1. Hesabu ya viwango, ikionyesha mpaka wa mashine, mpaka wa gridi, na muda wa breka uliopimwa.

2. Jaribio la chanzo kimoja: pande zote mbili za breka zimelishwa na umeme ule ule, na rilei ikaonyesha digrii 0 na tofauti ya volteji inayokaribia sifuri. Jaribio hili hurudiwa kila transfoma ya kupimia au nyaya zake zinapoguswa.

3. Jaribio la kuchomeka volteji katika rilei, kuhakikisha kwamba inakataa nje ya mpaka na kukubali ndani yake.

4. Jaribio la kuunganisha breka ikiwa imevutwa nje katika nafasi ya majaribio, ili rilei, sinkroskopu na taa zionekane kukubaliana kabla ya kufunga kwa kweli.

5. Uthibitisho wa mfuatano wa fezi.

6. Orodha ya viwango vilivyoachwa ndani ya rilei, tarehe, jina la aliyeviweka, na mahali neno la siri lilipohifadhiwa.

Orodha hiyo ibandikwe ndani ya mlango wa kabati, na nakala ikae katika jalada la chama. Hakuna kiwango kinachobadilishwa bila saini mbili, ya mhandisi na ya meneja, pamoja na sababu. Mkaguzi wa hesabu anapopita, aonyeshwe jalada hilo kama anavyoonyeshwa cheti cha mizani.

Ndugu wanachama, wahenga walisema kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu. Mwendesha mitambo akisubiri sekunde 15 za mshale kuzunguka, hapotezi kitu. Asiyesubiri huweza kupoteza msimu mzima, na deni la jenereta litabaki pale pale, likikatwa katika kila kilo atakayoileta mkulima ghalani.